Heringi Ambao Gunvor Hakuwaonja

"Mama, keti basi," alisema Maj-Lis, mke wa mwanawe.

"Nitaketi nikitaka. Meza ni yangu."

Gunvor angeketi vipi? Tangu mafua ya Februari hakusikia harufu wala ladha. Kahawa ilikuwa maji ya moto, jibini sabuni. Hakumwambia mtu. Pale kisiwani Orust, chakula cha mchana cha sikukuu ya kiangazi hakikuanza bila heringi wake, samaki wa kukolezwa chumvi, na kila mwaka yeye alimcheka Maj-Lis kwa kununua wa chupa: "Hao wape paka." Leo akaseme ulimi umekufa? Thubutu!

Balaa ni chumvi. Heringi wa pipa hulowekwa usiku kucha, asubuhi mtu humega, akaonja, akajua chumvi imetoka au bado, ndipo wakaingia kwenye siki na sukari. Safari hii alimega, akatafuna kama anayetafuna kitambaa. Akabahatisha.

Bakuli lilizunguka. Sixten, shemeji yake, alijijazia sahani, na malai chachu juu. Gunvor akamkodolea macho mdomoni. Sixten akatafuna, akaacha, akakimbilia bia.

"Shemeji, hawa samaki umewatoa baharini, au umewarudisha?"

Wakacheka wote. Masikio yalimwaka Gunvor, akaanza kukusanya sahani zisizoliwa.

"Ziache, Mama, kosa langu," Maj-Lis akadakia. "Viazi nimevichemsha bila chumvi hata chembe. Baba mdogo, nani kakwambia heringi wanaliwa peke yao? Kula na kiazi."

Sixten akajaribu, akajaribu tena. "Ahaa! Hapo sawa. Lakini viazi bila chumvi, binti? Umelelewa wapi wewe?"

"Kwa wanunuzi wa chupa."

Kicheko kikamhamia Maj-Lis. Gunvor hakucheka. Maj-Lis kasahau chumvi lini maishani mwake? Na asubuhi yeye Gunvor si alimkuta kando ya bakuli akilamba kidole, akamfukuza?

Wakati wa kuosha vyombo, Gunvor alifuta sahani moja, akaifuta tena ileile.

"Krismasi uje siku moja kabla," alimwambia Maj-Lis bila kugeuka. "Kuna kuonja."

"Nionje mimi, wa chupa?"

"Usinichoshe, mwanamke. Unakuja, huji?"

"Nakuja, Mama."

"Na viazi utie chumvi."