Bastola Ndogo Nyumbani kwa Wakwe

Nakumbuka siku ile niliyoingia kwa wakwe zangu kule Mkonze, wewe mgongoni na bastola kwenye kibwebwe. Nakuandikia ungali unanyonya, mwanangu, maana nikingoja nizeeke ndipo nikuusie, hasira itakuwa imepoa, na nasaha isiyo na moto haiivi.

Mdachi, huyu Mjerumani, alikuwa ameshafikisha reli yake Dodoma. Pamoja na reli walikuja watu wa kila namna, na njia ya kwenda Mtumba, nilikokuwa nikifundisha watoto wa misheni kusoma, ikaharibika. Mwanamke mmoja alivuliwa nguo mchana kweupe. Mwingine hakurudi. Nikamwambia baba yako. Akajibu, "Usiogope." Basi! Kana kwamba woga ni nzi, unaupunga tu unaondoka.

Nikaenda kwa muuza duka wa kambi ya reli. Akanitolea bastola fupi kama kiganja changu, mpini umekwanguka, ina matundu matano ya risasi. Alitaka mbuzi jike tu.

"Bei ya kutupa, mama. Nyepesi. Unatembea nayo kila siku na hakuna atakayejua."

Hayo ya hakuna atakayejua ndiyo yaliyoninasa. Sheria ya Mdachi ilikuwa wazi: mtu mweusi akikutwa na bunduki bila cheti, ni mnyororo na kiboko. Na kiboko kingemshukia baba yako, mwenye nyumba, ambaye sikumwambia lolote. Wanasema rahisi ni ghali. Mimi niliona rahisi tu.

Sasa sikiliza. Kwetu Wagogo, mwanaume akifika kwenye tembe la watu huchomeka mkuki wake nje ya mlango, ndipo anainama kuingia. Anayepita anaona: humu mna mgeni, na silaha yake ile pale. Baba yako akachomeka wake. Mimi nikapita. Mwanamke hachomeki kitu, nani angeniuliza?

Bibi yako akanifungua mbeleko akupokee. Kibwebwe kikalegea, chuma kikadondoka juu ya ngozi ya ng'ombe.

"Mkwe wangu," akasema, "mbona nilisikia umezaa mmoja tu?"

Hakuna aliyecheka. Babu yako hakupaza sauti. "Umekuja kumuua nani humu?"

"Hakuna, baba. Ni ya njiani."

"Basi kaiweke nje, penye mkuki wa mumeo."

Nikainama niiokote, nikakwama. Nje askari walikuwa wakizunguka kwa ajili ya kodi. Nikiitoa, mume wangu anafungwa. Nikibaki nayo, nimeingia na silaha kwa wakwe, jambo ambalo hata adui hulionea haya.

"Nje haiwezi kukaa, baba."

"Na ndani haikai."

Nilikuwa nimenunua kitu kisicho na pa kuwekwa. Baba yako akaanza kufoka, mimi nikafoka zaidi, na katika kufokeana huko hakuna aliyekutazama wewe. Meno yalikuwa yakikuwasha. Ukateleza mapajani kwa bibi yako, ukatambaa, ukaishika bastola pale chini, ukatia mtutu kinywani ukawa unanyonya. Na risasi zote zilikuwa ndani.

Baba yako akataka kuruka. Babu akamshika mguu. "Ukimnyang'anya, ataivuta."

Waliosema mtoto akililia wembe mpe, hao hawakuzaa. Nilipiga magoti, nikatoa titi, nikakuita kwa sauti ya kila siku. Ukanitazama. Ukaitazama bastola. Ulifikiria, Mulungu wangu, ulikaa ukafikiria! Kisha ukaiachia, ukaja.

Babu yako akaizika zizini, chini kabisa ya samadi. Aliporudi akaniambia, "Mkuki humtisha mtu angali mbali, akageuka, akaishi. Chuma hiki ulikificha. Kilikuwa kinamtisha nani?"

Nikamrudishia swali kwa ukali, jambo ambalo mkwe hafanyi: "Na mimi njiani nitembee na nini?"

Bibi yako ndiye aliyesema, "Kwa nini hukutuambia unaogopa?"

"Nilisema. Nilimwambia mwanao."

Hapo bibi akamgeukia baba yako, na aliyomwambia siyaandiki.

Kesho yake nilikwenda Mtumba na bibi yako, baba yako na jirani zao, kelele njia nzima. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Lakini tukikutana na watu wabaya wenye mapanga, je? Sijui. Sitakudanganya kwamba najua. Hata wa kumkasirikia simjui vizuri: baba yako, yule muuza duka, Mdachi, au mimi. Siku nyingine nawakasirikia wote kabla ya uji.

Nijualo ni hili, mwanangu. Silaha usiyoweza kuichomeka mlangoni kwa watu, mchana, ikaonekana, usiinunue, hata kwa bei ya bure. Ukiogopa, sema, wakikuambia usiogope, sema tena kwa nguvu, maana mficha uchi hazai. Na siku mwanamke atakapokuambia anaiogopa njia, usimpe neno tupu. Inuka umsindikize.

Mulungu akukuze. Mvua ikukute umeshapanda, na njia zako zisikose watu wema.