Alichokisema Bi Nefisa

Medina alirudi kijijini kwao karibu na Keren vita vilipokwisha, akiwa na kovu begani na Kitigrinya alichojifunza kwenye mahandaki, lugha ya Asmara isiyojulikana kijijini pale. Wengi walisema msichana aliyelala vitani na wanaume hapati mume pale. Mzee Jabir akawanyamazisha: akamwoza kwa mwanawe.

Kwa hiyo watu wa tume ya katiba walipofika kutoka Asmara kuuliza wananchi wanataka nini, mkalimani akawa Medina.

Wanaume waliomba maji, malisho na barabara. Kisha akasimama Bi Nefisa, mjane, akaeleza kwamba eda haijaisha, shemeji yake alikuwa keshalima shamba la marehemu. Alitaka sheria ijue kuwa mjane naye ni mtu. Shemeji huyo alikuwa Jabir, na alikaa mstari wa mbele, akimtazama mkwewe.

Medina alikuwa amewahi kubeba majeruhi huku mabomu yakianguka. Siku ile ulimi ulimwishia nguvu. Akatafsiri kwamba mama huyu anaomba serikali iwakumbuke wajane. Mgeni akaandika, akatabasamu.

"Ameandika shamba langu?" Bi Nefisa aliuliza.

"Ameandika, mama."

Kesho yake bibi alimletea kibuyu cha maziwa ya mgando kumshukuru. Medina aliwapa watoto wa jirani. Tangu hapo, akimwona kisimani, alirudi na mtungi mtupu.

Katiba ilipopitishwa, Bi Nefisa alikuja kwake kusikiliza ikisomwa redioni kwa lugha yao. Alisikiliza mpaka mwisho, Medina akimmiminia kahawa.

"Mbona langu silisikii, mwanangu?"

Medina akamwambia ukweli, macho yakiwa chini kwenye makaa.

"Jabir nilimjua," bibi alisema. "Wewe sikukujua."

Akainuka kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka, jambo ambalo hata mwenye kinyongo halifanyi.

Kwenye baraza la kijiji lililofuata Medina alisimama, akarudia maneno ya Bi Nefisa yote, na jina la Jabir akalitaja. Mumewe alihamia kwa baba yake kwa muda, kisha akarudi. Shamba lilirudishwa msimu uliofuata.

Mwaka ule ule daktari asiyejua lugha yao alipita kijijini, akaitwa Medina amtafsirie wagonjwa. Zamu ya Bi Nefisa ilipofika, alimwona Medina mlangoni, akamgeuzia mgongo, akamwonyesha daktari kwa kidole panapomuuma.