Kipulizio cha Baba Mkwe

Kwanza niseme wazi kwamba sikuiba kitu. Ndandalo nzima wanajua nilichofanya, na wengine wamekitia chumvi mpaka hakiliki tena, lakini kilichotokea ni hiki: nilichagua kipulizio cha klarineti kwa masikio yangu mwenyewe, mchana kweupe, ndani ya kanisa, na nikachagua kilicho kizuri. Basi.

Bendi yetu ya kanisa ni ya matarumbeta, ila pembeni zimo klarineti tano. Nne ni ndogo. Ya tano ni ya besi, ndefu, inasimama sakafuni kwa mguu wake wa chuma na kunguruma chini kabisa ya wimbo. Aliyeipiga miaka yote ni baba mkwe wangu. Meno yalipomwisha akaacha, mimi bado sijajiunga na bendi, na akaondoka na kipulizio chake, kile kipande cheusi kinachoingia mdomoni, kwa kuwa alikinunua mwenyewe ujanani alipokuwa Zambia kwenye bendi ya mgodini. Klarineti ikabaki stoo. Mimi nilikuwa napiga ndogo kwa miaka tisa, na miaka tisa hiyo yote nilikuwa naitaka ile kubwa. Sikumficha mtu.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya huku: mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Wanyakyusa wanaita ukutila. Humtazami, humtaji jina, hupokei kitu mkononi mwake, na akitokea njiani wewe ndiye unayeingia kwenye tope la mpunga na ndoo yako kichwani mpaka apite. Siku hizi wengi wamelegeza. Kyela mjini watu wanakula meza moja na wakwe zao na mvua inanyesha kama kawaida. Nyumba niliyoolewa mimi haijalegeza hata uzi. Kwetu nilikozaliwa ni Lyulilo, mama yangu alikuwa mfinyanzi, na siku naondoka aliniambia huko niendako nizibe mdomo na nifungue masikio. Nikafanya hivyo. Miaka ishirini na miwili nimeishi hatua arobaini kutoka mlango wa yule mzee na sikuwa naijua sura yake. Nilijua kikohozi chake. Na nilijua besi yake, maana jioni alikuwa anafanya mazoezi nyuma ya nyumba, nami jikoni napepeta mchele, nikaizoea sauti ile kuliko sauti ya mume wangu. Si sifa kubwa hiyo. Mume wangu haongei.

Mwaka huu kanisa letu likapangiwa kupokea mkutano wa Pasaka, na mwalimu wa bendi akasema safari hii besi lazima ilie. Waliokitaka kiti cha besi tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye anapiga klarineti kama anafukuza kuku. Mwalimu akatangaza kwamba atatafuta vipulizio, kila mmoja ajaribu mbele ya wenzake, na atakayetoa sauti ya maana ndiye atakayekaa. Nikasema haya.

Jumamosi ile mvua ilipiga bati mpaka tukakaa saa nzima bila kusikilizana. Ilipopungua, mwalimu akapanga vipulizio vitatu juu ya meza. Alisema ameviosha vyote kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Vimetoka wapi, hakusema, na mimi mjinga sikuuliza.

Shemeji akaanza. Alivijaribu vyote vitatu na kuku wakakimbia mara tatu, sina la kuongeza.

Zamu yangu nikaanza na cha plastiki, kipya, kimekuja na basi kutoka Dar es Salaam. Nikafungia ulimi wake, yaani kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka, nikaulowesha, nikapuliza. Kikapiga mluzi. Nikalegeza midomo, katikati kikakubali, lakini kila nikishuka chini kinakata. Cha pili kilikuwa kimekuja na sanduku la msaada, ncha imemeguka. Kikanichana mdomo wa chini na pumzi yote ikatokea pembeni.

Cha tatu kilikuwa cha zamani, weusi wake umechakaa, na juu yake kulikuwa na vishimo viwili vya meno. Meno yangu yakakaa humo yenyewe. Nikapuliza taratibu, sauti ikaja, nikashuka nayo noti kwa noti mpaka ya mwisho kabisa na haikukatika. Benchi nililokalia likawa linatetemeka. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Ukiniuliza kama niliijua sauti ile, ndiyo, niliijua. Kwamba niliufikiria mdomo uliotangulia pale, hapana, wala haikunipitia akilini.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa ameingia kuchukua majoho ya kwaya. Akasimama mlangoni mpaka nikamaliza.

“Wifi,” akasema, “umeweka meno yako juu ya meno ya baba.”

Mwalimu ikabidi aseme. Alikwenda kukiazima kwa mzee, mzee akampa akidhani kinakwenda kwa mwanawe. Na mwalimu huyo ni Mnyakyusa wa kuzaliwa, ana wakamwana wawili nyumbani kwake wanaomkimbia kila siku, halafu akadhani sabuni inaosha mwiko! Nilitamani kumpiga na ile klarineti, uzito wake unatosha.

Nikaondoka na kipulizio kile, na klarineti yenyewe. Hapo ndipo nyumba ilipowaka. Wifi akawa anakwenda na kurudi, kwa mzee na kwangu, kwangu na kwa mzee. Mara ya kwanza alisema mzee anataka kitu chake kirudi na shemeji ndiye akalie kiti. Nikajibu nitakirudisha baada ya Pasaka. Mara ya pili alisema nimeuaibisha ukoo, mama zangu wakwe wote, wakubwa na wadogo, wameambiwa, hata wanaoishi Itungi. Mume wangu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Miaka ishirini na miwili ya tope ikanitosha.

“Mwambie baba aje akichukue mwenyewe,” nikasema. “Nitamkabidhi mkononi.”

Nilijua hawezi. Mwiko aliokuwa ananipigia nao ndio niliomfungia nao mlango, na nilijisikia vizuri, tena sana. Siku tatu nilifanya mazoezi pale pale uani, na sikupunguza sauti.

Siku ya nne, mchana, nilikuwa nageuza kakao juani. Nikaona wifi ameacha kutwanga. Nikageuka, na mzee alikuwa anavuka ua. Mkono wangu ukaenda kwenye kanga wenyewe, nikajifunika, kisha nikaona upuuzi, nikafunua. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, midomo imeingia ndani kwa kukosa meno. Akasimama mbele yangu akanyoosha mkono.

“Umechagua vizuri,” akasema. “Sasa leta.”

Nikampa. Akakipangusa kwa shati, akakitia mfukoni, akarudi zake bila haraka.

Nikangoja. Nikadhani sasa wataitana, watakaa kikao, mama wakwe wa Itungi watapigiwa simu. Wifi akaokota mchi akaendelea kutwanga. Hakuna aliyesema neno, siku ile wala kesho yake. Mimi niligusa kitu chake bila kujua na nyumba ikatikisika. Yeye alinijia kwa miguu yake, mchana, macho kwa macho, na ikawa ni Jumatano tu.

Shemeji akaja kuchukua klarineti, akafanya mazoezi na kipulizio kile siku mbili, na kuku walewale wakatoka. Mwalimu akaogopa wageni, akaja kwangu ameshika cha plastiki, akasema mama, tafadhali. Sikumjibu vizuri, ila nilikwenda.

Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje. Baba mkwe alikuwa benchi la mbele pamoja na wazee wenzake. Nikavuta kiti changu mpaka mahali ambapo hapakuwa na kichwa cha mtu kati yetu, nikaanza. Ubeti wa kwanza tu, plastiki ikapiga mluzi, watu wakageuka. Nikaendelea. Nilipiga wimbo wote, vibaya, nikimtazama usoni, na yeye ndiye aliyeinamisha kichwa.