Masikio ya Bukini

Bata bukini sijawahi kumwona akiruka, na wala sina hamu. Nimemshona, yatosha. Nimemshona mpaka kidole kikaota sugu, miaka ile Wajerumani walipokuwa na boma lao Arusha na mchungaji wao ana misheni yake huku mlimani. Mtu akianza kunisifia ndege huyo, huwa namwambia aende zake.

Nilifika misheni nikiwa mjane. Mume wangu alikufa kwa homa, na kabla machozi hayajakauka, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa ameshaanza kunitazama kama ng'ombe aliyerudi zizini. Kwao Olasiti mke wa marehemu alirithiwa, basi, hakuna mjadala. Mimi nikasema sirithiwi na mtu. Nikapanda mlima na kaniki niliyovaa, nikamwambia mke wa mchungaji kwamba sindano naijua. Naam, niliijua: nilikuwa nikishona shanga kwenye ngozi tangu utoto. Akanipa mkeka wa kulala katika ghala ya mahindi, akasema tutaona.

Loo, mwanamke yule! Sisi tulimwita Bibi tu. Alikuwa mrefu, mkavu, na macho yake yalikuwa mepesi kuona kosa kuliko kumwona mtu. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu: leta, fua, fumua. Hasa fumua. Alikuwa na ndugu yake aliyehamia Amerika, na huko ndiko alikotoa ule mtindo wa blanketi la vipande, bukini wanaofuatana mstari mzima, mmoja nyuma ya mwenzake. Alitaka la kitanda chake, la kaniki nyeusi na merikani nyeupe.

Bukini mwenyewe ni pembetatu kubwa moja ya kaniki, na begani kwake pembetatu ndogo mbili za merikani. Ukisikia hivyo unadhani ni kazi ya kitoto. Thubutu! Kwanza merikani ifuliwe kabla ya kukatwa, maana ikiloa hurudi, hupungua, na ikirudi baada ya kushonwa blanketi zima linajikunja. Halafu ule upande mrefu wa pembetatu kubwa uende sambamba na nyuzi za kitambaa, kwa kuwa upande uliokatwa mshazari huvutika hata ukiutazama vibaya. Pasi ya makaa unaikandamiza na kuinyanyua. Ukiisugua, bukini anapinda. Na juu ya ncha yake, ule mdomo, unaacha kitambaa upana wa ukucha wa kidole kidogo. Hapo ndipo mshono unaofuata utakapokula. Nyuma utaona nyuzi mbili zimepishana. Sindano ipite palepale zinapopishana. Ukiteremka chini yake hata kidogo, mdomo umekwenda, una bukini kibogoyo.

Tulikuwa wawili tulioshona. Mwenzangu alikuwa wifi yangu, dada yake marehemu mume wangu, na dada yake huyo shemeji. Mumewe alikuwa mpishi wa misheni, kwa hiyo yeye nyumba alikuwa nayo, chakula alikuwa nacho, hakukosa kitu. Alichotaka ni mimi nikose. Kila asubuhi alipita mlangoni pa ghala na salamu yake ileile.

"Wifi, bado hujafungasha?"

"Nifungashe niende wapi?"

"Kwa mumeo."

"Mume wangu amezikwa, wifi. Ulikuwepo."

"Ng'ombe zetu hazikuzikwa," anasema, na kwenda zake jikoni akicheka.

Basi nilimchukia. Sioni haya kusema. Yeye naye alinichukia, tukawa sawa, tukashona.

Sasa Bibi alikuwa na neno lake. Ukishaunga pembetatu ndogo na kubwa na kukunjua, huwa kuna vijincha viwili vinachungulia nje ya kona, vitambaa visivyo na kazi. Yeye aliviita masikio. "Kata masikio!" alipiga kelele mara ya kwanza, na sisi wawili tukatazamana, kwa mara ya kwanza na ya mwisho bila chuki, tukacheka. Maana kwetu sikio hukatwa la ng'ombe, na hukatwa kwa alama ya ukoo, ili akipotea ajulikane wa zizi gani. Bibi hakujua tunachekea nini. Alitupa kazi ya kufumua, wote wawili.

Wifi alifuata amri kwa pupa. Alikata masikio, kisha akaona kile kitambaa cha juu ya mdomo nacho kimezidi, akakikata pia, kote, safi kabisa. Niliona, nikanyamaza. Angenionyesha mimi?

Na mimi, sikio la kulia nililikata kama nilivyoambiwa. La kushoto sikulikata. Nililichana ufa katikati, na chini yake nikatoa kipande kidogo, vilevile baba yangu alivyochana masikio ya ng'ombe wake. Halikuwa na unene wa kusumbua. Nilililaza kwa pasi likatulia chini ya mshono. Msinisingizie werevu. Ilikuwa hasira tu. Bibi alikuwa amesema kila kinachopita kwenye mkasi wake ni mali ya misheni, shemeji naye anasema mimi ni mali ya ukoo. Nikasema moyoni, haya, na bukini hawa je? Hawa ni wangu.

Mvua za vuli zilipokaribia Bibi akatangaza. Wasichana wa misheni walitakiwa kufundishwa kushona, na mwalimu wao angekaa katika chumba cha nyuma ya kanisa, chenye mlango na komeo. "Mwenye bukini na mdomo, anafundisha," alisema. "Yule nyingine, hapana kushona tena." Kwa wifi hilo lilikuwa aibu ndogo tu. Kwangu lilikuwa Olasiti, na shemeji.

Siku ya kukaguliwa niliacha kikapu changu cha bukini barazani, nikashuka mferejini kusuuza merikani iliyobaki. Niliporudi, Bibi alikuwa ameshatandaza mezani. Bukini wangu walikuwa upande wa wifi, wamenyooka, midomo yao yote mizima. Upande wangu walikaa vibogoyo wa wifi.

"Huyu mzuri," Bibi alisema, akimgusa wifi begani. Mimi akanipa mgongo. "Wewe kesho kwenda nyumbani."

Wifi alikuwa ameinamisha uso kwa adabu, nyoka yule. Kulia? Ningelia mbele yake? Afadhali nife.

"Bibi," nikasema, "geuza nyuma."

"Nini?"

"Nakuomba, Bibi. Hao wazuri. Geuza nyuma."

Akageuza, na nadhani aligeuza ili anifukuze vizuri zaidi. Akainama. Akainua mshono kwa ukucha, sikio likasimama na ufa wake. Akainua wa pili, na wa tatu, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu.

"Nini hii? Mimi kusema kata! Nani kufanya uchafu hii?"

Wifi naye akasogea kutazama. Alikuwa amewachukua mbiombio, hakuwa ameona upande wa nyuma. Akaona. Na hapo, badala ya kufumba mdomo wake, damu ya kwao ikampanda kichwani.

"Mwanamke mwovu!" alinipigia kelele. "Alama ya ng'ombe wa baba yako! Sisi tumetoa mifugo yetu, tumekuoa, umekula kwetu, halafu unachana alama ya kwenu? Bado unajihesabu wa kwa baba yako, wewe?"

Watu wakajaa barazani. Hata mumewe, mpishi, alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama hivyo hivyo.

Bibi Kiswahili chake kilikuwa kibovu, lakini hakikuwa kibovu kiasi hicho. "Alama ya baba ya nani?" akauliza polepole.

"Ya huyu!" Wifi alininyooshea kidole. "Baba yake huyu! Nani asiyeijua?"

Kisha akasikia alichosema. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na wifi yangu ndiye aliyekuwa na mdomo mzima siku ile.

Msidhani Bibi aliniomba radhi. Alinipa mkasi, akaniamuru nikate masikio yote yaliyobaki, palepale, amesimama juu yangu. Nikakata. Liliniuma kila moja, nasema kweli. Nilipomaliza akanitupia ufunguo wa chumba cha nyuma ya kanisa mezani, akaondoka. Mimi naye hatukupendana hata baadaye.

Shemeji alisikia, akapanda mlima na wazee wawili kuja kunidai. Walisimama nje ya chumba changu. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia. Wifi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, anachambua mboga, na shemeji akauliza kwa sauti ya kusikika kote, "Huyu mwanamke ni wa zizi gani?"

Nikafungua mlango nusu.

"Muulize dada yako," nikamwambia. "Alishawatangazia watu wote."

Wifi akainamia mboga zake. Nikafunga mlango, nikatia komeo.