Walivyoniita Mama Arusha

Sijamsamehe. Padri wetu huniambia kila Kwaresima kwamba kinyongo ni mzigo, nami humwitikia ndiyo, baba, kisha narudi nacho nyumbani. Nimekizoea. Kuna siku nakipakata kama mjukuu.

Yalianzia baa, tena Jumamosi, siku niliyoipenda kuliko siku zote za wiki. Baa yenyewe ilikuwa hapa Babati, barabara ya kwenda Bonga, nyuma ya gereji, viti vya plastiki chini ya bati, na pembeni banda la nyama choma lenye moshi unaokufuata hata ukihama kiti. Jua likianza kupoa, mama mwenye baa alizima muziki. Alikuwa mwanamke wa sauti nene asiyehitaji kipaza sauti. Akikunjua vipande vyake vya magazeti tulijua chemsha bongo imeanza, na hata walevi wa kaunta walinyamaza.

Meza yetu ilikuwa ya watu watatu. Mimi, mwalimu wa jiografia sekondari. Rafiki yangu muuguzi, ambaye tulilala bweni moja tukiwa wasichana. Na mwenye duka la vitenge jirani na stendi, Mwislamu wa swala tano, tuliyemwita sheikh kwa utani, ambaye alikuja kwa ajili ya maswali na soda ya tangawizi, na alihakikisha kiti chake kiko mbali na bia zetu. Muuguzi alijua mwili wa binadamu na tetesi zote za hospitali. Sheikh alijua biashara, dini zote mbili na mpira. Mimi nilijua dunia. Tukipata swali gumu tulikumbatiana kama tumefunga goli, na sheikh, ambaye hakumbatii wanawake, alijikumbatia mwenyewe.

Sheria zilikuwa chache. Mwenye jibu anagonga chupa kwa kijiko. Ukigonga, jibu papo hapo. Ukikosa, meza nyingine inapewa nafasi. Meza iliyoshinda ililetewa sinia la mbuzi na ndizi za kuchoma, na ilipewa kitu kitamu kuliko mbuzi: swali la kufungia. Washindi walimchagua mtu yeyote wa meza nyingine, wakamsimamisha, wakamuuliza swali moja. Ilibidi liwe swali ambalo yule mtu anaweza kujua jibu lake, na mama mwenye baa ndiye aliyeamua. Ukipata, unakaa. Ukikosa, unavaa aproni ya mchoma nyama na kuwakatia washindi nyama yao, watu wote wakitazama.

Sasa, miaka ile mkoa ulikuwa mpya. Tulikuwa wilaya tu ya mkoa wa Arusha, halafu tukaambiwa sisi ni makao makuu ya mkoa wetu wenyewe, Manyara. Ofisi zikatafutiwa majengo, nyumba za kupanga mtaa wa Bagara zikagombewa, na mjini wakaingia watu ambao sisi wenyeji tuliwaita waliokuja na mkoa. Mmoja wao alikuwa afisa, jirani yangu wa nyumba ya tatu, na Jumamosi alikaa meza ya pili kutoka yetu. Mtu mrefu, mcheshi, anayejua miji mikuu ya nchi ambazo wengine hatujasikia hata vita vyake.

Jumamosi moja swali lilikuwa jepesi mpaka mama mwenye baa aliona haya kulisoma.

"Mlima Hanang uko mkoa gani?"

Niligonga chupa kabla hajafunga mdomo. "Arusha!"

Ndivyo nilivyosomeshwa, ndivyo nilivyosomesha, ndivyo nilivyoandika ubaoni miaka yote ya kazi yangu. Ulimi ulikuwa haujahamia mkoa mpya. Na sikuwa peke yangu. Siku zile ukiwauliza watu wa Babati kwao ni wapi, nusu walikujibu mkoa wa Arusha, na barua tuliziandikia hivyo hivyo. Lakini hao hawakuwa walimu wa jiografia, na hawakugonga chupa.

Afisa alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Jamani, mwalimu bado yuko Arusha! Mkatieni tiketi ya kurudi Babati!"

Baa nzima iliangua kicheko, nami nikacheka. Mchezo una matani yake. Lakini meza yake ndiyo iliyoshinda, na swali la kufungia likawa lao. Akanisimamisha.

"Swali langu ni kwa Mama Arusha," akasema. "Mama Arusha, hapo uliposimama ni mkoa gani?"

"Manyara."

"Amepata! Mpeni kiti Mama Arusha!"

Kwa hiyo sikukata nyama. Afadhali ningekata ng'ombe mzima, na pembe zake, kuliko kupewa jina lile.

Kwetu mwanamke akijifungua anapata jina jipya, la mtoto wake. Mimi nilingoja sana kulipata. Nilizaa binti mmoja tu, nikiwa nimeshachoka kuulizwa maswali na mawifi, na nilimpa jina la mama yangu mzazi, aliyezikwa kijijini Mutuka. Kila aliyeniita kwa jina la binti yangu alikuwa anamtaja na mama yangu, na niliitika vizuri kwa sababu hiyo. Jina lenyewe silitaji hapa. Limeshachezewa vya kutosha.

Wiki haikuisha, mji mzima ukawa umelitupa. Stendi vijana walinipigia kelele: "Mambo, Mama Arusha! Gari yako hiyo inaondoka!" Sokoni niliuziwa nyanya kwa jina hilo. Chumba cha walimu likaingia, darasani likanong'onwa nikigeukia ubao. Na kila Jumamosi afisa alilitangaza upya, kila mara kama amelibuni siku hiyo.

"Achana naye, shoga," muuguzi aliniambia. "Ukinuna ndiyo anafurahi."

"Subira, mwalimu," sheikh akasema.

Subira nilikuwa nayo. Ningevumilia, nasema kweli. Mimi ni mtu mzima, nilikosea mbele za watu, na nimelelewa kwenye ukoo wa watani wabaya kuliko yeye.

Lakini nilikuwa na ng'ombe wa maziwa, na nyumba ya afisa ilikuwa mteja wangu. Kila asubuhi binti yangu, wakati huo darasa la tatu, alipitisha kidumu cha maziwa pale akiwa njiani kwenda shule. Asubuhi moja, badala ya kuendelea shule, alirudi na kidumu kitupu, akakiweka chini, akasema kesho haendi tena kule.

"Kwa nini?"

"Wananiita Arusha."

"Nani anakuita?"

"Wote. Na shuleni pia. Wanasema kama wewe ni Mama Arusha, basi Arusha ni mimi." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Leo nikamwambia yule baba, shikamoo, mimi siitwi Arusha, mimi naitwa..." Akalitaja jina lake lote, kama nilivyomfundisha.

"Akasemaje?"

"Akasema marahaba. Akasema hilo refu, Arusha inatosha."

Nilikaa kwenye kigoda cha kukamulia. Mimi niligonga chupa kwa mkono wangu. Mtoto hakugonga chupa. Mama yangu kule Mutuka hakugonga chupa. Na huyu bwana alikuwa ametajiwa jina, akalisikia, akalipima, akaona halifai kumkalia mdomoni.

Niliwaza mambo mabaya siku ile. Niliwaza kuyatia maji maziwa yake, nikaona atakayedharauliwa ni ng'ombe wangu, na yeye hana kosa. Niliwaza kwenda ofisini kwake nimtukane mbele ya wageni. Mwishowe nikatulia. Dawa ya moto ni moto, na mimi nilikuwa nimechomwa kwa swali.

Nikamwambia binti yangu maziwa ataendelea kupeleka, na kila asubuhi, akishaamkia, alitaje jina lake.

"Hata wakicheka?"

"Hasa wakicheka."

Alinitazama kwa mashaka, lakini alifanya. Alikuwa mtoto mkaidi, kama bibi yake.

Wenzangu sikuwaambia swali langu. Niliwaambia tu kwamba nataka meza yetu ishinde, na kwa namna nilivyolisema hawakuuliza zaidi. Tangu hapo tulijifunza kama watahiniwa. Sheikh alikariri mito ya Afrika huku akipima vitenge, mteja mmoja akapunjwa, ikabidi amwite amrudishie kipande chake. Muuguzi alitega sikio kwenye redio ya wodini. Tulishindwa Jumamosi ya kwanza, tukashindwa na ya pili, afisa akatukonyeza juu ya sinia lake la mbuzi. Nilikwenda nyumbani nikalala vizuri. Kila Jumamosi iliyopita iliongeza asubuhi nyingine kadhaa za mtoto kulitaja jina lake mlangoni pale.

Siku ilipofika, meza yetu na yake zilikuwa zimefungana, limebaki swali moja. Mama mwenye baa akauliza ni mfupa gani ulio mrefu kuliko yote mwilini. Afisa akagonga chupa.

"Uti wa mgongo!"

Muuguzi alikuwa ameshasimama. "Huo ni mifupa mingi, baba. Ni fupa la paja!" Akajipiga pajani kwa kofi lililosikika mpaka gereji.

Sheikh akajikumbatia. Mimi sikumkumbatia mtu. Nikasema swali la kufungia naliuliza mimi, na anayesimama ni bwana afisa.

Akainuka akitabasamu, chupa mkononi. "Haya, Mama Arusha. Uliza."

"Mimi ni mama nani?"

Watu wakacheka. Yeye akafungua mikono kama mtu aliyepewa zawadi. "Mama Arusha!"

Wakacheka tena, kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu mama mwenye baa hakucheka. "Mwalimu anauliza jina la mtoto," akasema.

"Lakini hilo si swali la chemsha bongo!"

"Sharti ni moja tu. Mwalimu, huyu bwana anaweza kulijua jibu?"

"Huwa anatajiwa kila asubuhi," nikasema. "Mlangoni kwake. Anatajiwa na mtoto mwenyewe, akiwa ameshika maziwa ya chai ya nyumba yake."

Afisa akawatazama wa mezani kwake, nao wakazitazama chupa zao. "Si yule mdogo," akasema, "yule wa... yule mwembamba, anayekuja na..." Kipaji chote cha miji mikuu kilikuwa kimemkimbia. Nikapitisha macho baa nzima taratibu, na wengi waliinama, maana na wao walikuwa wakilijua zamani na wameliachia lipotee.

"Umekosa," mama mwenye baa akasema. Kisha yeye mwenyewe, kwa ile sauti yake nene, akalitaja jina la binti yangu, lote.

Afisa akavaa aproni. Ilikuwa na mafuta ya wiki nzima na ilimfika juu ya magoti. Alikata nyama vibaya, vipande vikimteleza, na mimi sikumwonea huruma hata kidogo. Mbavu nilizirudisha nikamwambia ni kubwa, akate tena. Akakata tena. Nikamwambia sasa ni ndogo. Muuguzi alinifinya chini ya meza, na sheikh akajifanya anasoma kizibo cha soda. Sijawahi kula mbuzi mtamu vile.

"Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, kisu mkononi, "yale yalikuwa matani tu."

"Najua," nikamjibu. "Na haya ni matani."

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa bado nakamua niliposikia hodi. Afisa alikuja mwenyewe, na tai yake, ameshika kidumu kitupu cha nyumbani kwake. Akasimama nje ya ua, akakohoa, akaniita Mama na jina la binti yangu, lote, bila kukosea herufi. Lazima alilifanyia mazoezi Jumapili nzima.

Nilikuwa nimemsikia. Hata ng'ombe alimsikia, aligeuza sikio.

"Nani?" nikauliza.

Akarudia.

"Sauti haifiki, baba."

Akarudia kwa nguvu, na jirani akafungua dirisha. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia tena, na tena, mpaka lisikike Bonga. Lakini binti yangu alikuwa ameshatoka ndani na sare yake ya shule. Afisa alimwona, akainama kidogo, akamwita kwa jina lake.

"Abee," mtoto akaitika. "Shikamoo." Akapokea kidumu, akaja akamimina maziwa, akamrudishia kwa mikono miwili, akachukua mfuko wa madaftari akaenda zake shule akirukaruka. Kwake yaliishia pale pale. Mimi nilibaki kwenye kigoda, na nilitaka afisa arudie tena.