Mama Wino na Neno "Nice"

Wanafunzi walimwita Mama Wino, kwa kuwa miaka ishirini na sita ya kusahihisha madaftari ilikuwa imemwachia doa jekundu kidoleni, lisilosikia sabuni wala limau. Alifundisha Kiingereza, na katika lugha hiyo nzima kulikuwa na neno moja lililomchemsha damu: nice.

Kila insha ilijaa hilo. Safari ilikuwa nice, shangazi ni nice, mvua nayo nice. Alilikata kwa wino, akaandika maelezo pembeni, akasema mpaka koo likakauka. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Siku aliyokuta binti mmoja ameandika kwamba mazishi ya bibi yake yalikuwa nice, aliweka kalamu chini akashika kichwa.

"Hivi mnajua mnachosema?" aliwauliza kesho yake.

Akawaeleza. Neno hilo lilitoka Kilatini, likimaanisha asiyejua kitu. Likapitia kwa Wafaransa wa kale, na lilipoingia Kiingereza, miaka mia saba hivi iliyopita, kumwita mtu nice kulikuwa kumwita mjinga. Baadaye likageuka kidogo kidogo: mtu wa anasa, kisha mchaguzi asiyeridhika upesi, kisha jambo lililofanywa kwa uangalifu, mpaka likaishia kwenye uzuri na wema.

"Na sasa limechoka," alisema. "Limebebeshwa kila kitu, halielezi chochote. Ukiniambia chakula ni nice, sijui kama kina chumvi au sukari."

Katika somo lote hilo, watoto waliondoka na kitu kimoja tu: nice ni mjinga. Kufikia mapumziko, uwanja mzima ulikuwa "wewe ni nice" na "nice mwenyewe."

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi. Alikaa nyuma kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kifuani, akaandika na kuandika. Kipindi kilipokwisha alisimama, akaweka tai sawa, akatamka kwa Kiingereza kwamba somo lilikuwa nice, na mwalimu wao ni nice sana.

Darasa lilijikaza kwa muda. Kisha mmoja wa mbele akapasuka, na wote wakaangua kicheko.

Ofisini, mwalimu mkuu alikuwa amekunja uso. "Mwalimu, mgeni anataka kujua watoto walicheka nini."

Ikabidi aanze upya, Kilatini, Wafaransa na yote, huku akijilaumu kwa kufungua mdomo siku ile.

"Kwa hiyo nimekuita mjinga mbele ya wanafunzi wako?" mkaguzi aliuliza.

"Hapana, mzee wangu. Umenisifu, na nashukuru. Lakini wakaguzi wote waliowahi kuja wameniambia hivyo hivyo, wakaondoka. Sijapata kujua hata siku moja wameona nini."

Mwalimu mkuu alikohoa. Mkaguzi alifungua jalada lake, akatazama alichoandika, akakikata.

"Yule mtoto aliyekwama katikati ya kusoma," alisema hatimaye. "Wenzake walitaka kumtajia neno, ukawazuia kwa mkono tu. Ukamngoja mpaka akalipata mwenyewe. Hicho ndicho nilichokiona."

Mama Wino hakujua atazame wapi. Alisema asante, sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyotaka, akatoka.

Katika chumba cha walimu alivuta rundo la insha za wiki hiyo. Ya kwanza haikuwa na nice hata moja. Wala ya pili. Akaanza kutabasamu, kisha akasoma vizuri: safari ilikuwa good, shangazi ni good, mvua ni very good.

"Kuna nini?" jirani yake, mwalimu wa hesabu, alimuuliza aliposikia amevuta pumzi.

"Niache kwanza," alisema, akavua kifuniko cha kalamu.