Kipimo cha Kukumbatia

Mteja akiingia kwa Mama Mita hakuulizwa namba ya kifua wala ya kiuno. Aliambiwa, "Njoo hapa, mwanangu," akakumbatiwa, akaachiwa, basi. Kipimo kimeshachukuliwa. Akirudi wiki inayofuata, gauni lilimkaa utadhani amezaliwa nalo.

Usidhani ni uchawi. Mama Mita mwenyewe alikuwa mnene, tena unene wa kuheshimika, na jina alilipata hapo: gauni lake moja lilikula mita nne na nusu za kitambaa, na mikono bado haijawekwa. Tumbo lake likigusana na tumbo la mteja, mikono yake ilizunguka ikaishia mahali fulani mgongoni, na nafasi iliyobaki kati ya vidole vya kulia na vya kushoto ndiyo iliyomwambia kila kitu. Kiganja kimoja, gauni la namna hii. Viganja viwili, gauni la namna ile. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Wanawake wanene walivuka mitaa mitatu kumfuata. Kwani pale hakuna aliyesomewa namba yake kwa sauti mbele za watu. Mwanamke mnene amepimwa vya kutosha hospitalini, jamani. Kwa fundi anataka kutulia.

Halafu magoti yakagoma. Sukari nayo ikapanda, presha ikaifuata, na daktari akamwambia wazi kwamba kwa mwendo ule wajukuu wangemjua kwa picha. Basi akapasuliwa. Tumbo la chakula likakatwa, likabaki kipande chembamba kama ndizi, na Mama Mita akarudi nyumbani na karatasi ya masharti ndefu kuliko orodha ya mahari. Vijiko vitano kwa mlo. Kila kijiko utafune mara ishirini. Maji usinywe wakati wa kula, subiri nusu saa. Vitu vya sukari usiguse. Anza na yai, maharage au samaki, wali baadaye kama nafasi imebaki, na nafasi haibaki.

Mwezi wa pili alijifanya mjanja, akanywa soda nusu chupa kwa kuwa eti ni maji tu yenye rangi. Lo! Jasho lilimtoka, moyo ukamwenda mbio, akalala sakafuni chini ya meza ya kukatia huku mteja akimpepea kwa gauni lake mwenyewe. Tangu siku hiyo soda aliisalimia kwa mbali.

Lakini kilo ziliondoka. Miezi tisa, kilo arobaini na moja. Alipanda ngazi bila kusimama katikati kujifanya anatafuta funguo. Nguo zake zote alizipunguza mara tatu, na mumewe, fundi bomba asiyekosa neno, alisema anaoa mke mpya kila baada ya miezi mitatu na harusi halipi hata moja.

Aliyemcheka kuliko wote alikuwa wifi yake, dada wa huyo fundi bomba, mwalimu katika shule iliyo nyuma ya mtaa. Mawifi hawa walitaniana tangu siku ya kwanza. Wifi naye alikuwa mnene, na kila siku saa saba mchana alikuja na chakula chake, wakaketi kwenye meza ya kukatia wakala sahani moja, wakisengenya dunia nzima. Hata hospitalini aliingia akiwa na swali: "Wifi, hicho kipande walichokata wamekipeleka wapi? Si wangenipa mimi, niwe na akiba!" Mama Mita alicheka mpaka nesi akaja kumkataza, kwa ajili ya nyuzi.

Siku hizi wifi alikuwa haji. Kwanza alisema kuna mitihani. Kisha kuna vikao. Kisha hakusema kitu.

Na kazini nako mambo yalianza kwenda kombo. Mwenye duka la vyombo alirudisha gauni: linabana. Mama Mita alilikagua, akaona mshono hauna kosa, akasema kwa huruma kabisa, "Mama, umeongezeka kidogo." Mwenye duka akanuna. Wiki mbili baadaye akaja mkunga, linabana. "Umeongezeka, dada, lakini si sana." Akaja wa tatu. Huyo alipoambiwa ameongezeka alijibu kwamba ametoka kuugua malaria na hata sketi zake zinamvuka, kisha akachukua gauni lake akaondoka bila kuaga. Mtaani ikaanza kusemwa kwamba tangu Mama Mita apungue ameota maringo, kila mtu anamwona bonge. Habari zilimfikia. Zilimuuma, lakini alijiambia, maneno ya watu hayajazi kibaba.

Ndipo wifi akapandishwa cheo. Mwalimu mkuu! Jumamosi saa nne angesimama mbele ya wazazi kwa mara ya kwanza na kutoa hotuba, na gauni la siku hiyo lingeshonwa na nani kama si wifi yake? Alikuja, akakumbatiwa, akachagua kitambaa cha bluu iliyoiva. Mama Mita alilishona kwa moyo wote. Alilitia nakshi shingoni kwa mkono, kazi ya siku nne, na kila sindano aliisindikiza na dua.

Alhamisi alasiri wifi alikuja kulijaribu. Alisimama mbele ya kioo, akaingiza mikono, akavuta pumzi. Zipu ikapanda hadi katikati ya mgongo, ikagoma. Mama Mita akavuta. Ikagoma. Ilibaki nafasi ya vidole vinne, na nyama ya mgongo ikachungulia kama inauliza kuna nini.

Hapo ulimi ukamponyoka Mama Mita, kwa mazoea tu. "Wifi, umeongezeka kidogo."

Wifi alilivua gauni polepole, akalikunja vizuri, akaliweka mezani.

"Nina mizani nyumbani," alisema. "Sijaongezeka hata robo kilo. Kama ulitaka kuniambia nipungue, ungeniambia kwa mdomo. Si kunishonea gauni la kunisuta."

"Wifi, Mungu anaona, mimi..."

"Wanasema umebadilika. Nimekutetea mpaka nimechoka. Basi." Alichukua mkoba. "Jumamosi nitavaa sketi yangu ya zamani."

Akaenda. Hakubamiza mlango, angebamiza ingekuwa afadhali.

Mama Mita alilia. Hakulia kidogo kidogo kama mtu anayejiheshimu, alilia kwa kelele, na uji wake wa jioni ukapoa. Wateja wanaweza kwenda, akili yake ilimwambia, wateja ni kama mvua. Lakini wifi akienda, nani atakayemcheka? Alikuwa ameukubali upasuaji ili aishi miaka mingi zaidi, na miaka hiyo hakuwahi kuifikiria bila wifi ndani yake.

Asubuhi ya Ijumaa mumewe alipobeba sanduku lake la vyuma kwenda kazini, alimkuta mkewe bado macho mekundu. Akaliweka sanduku chini, akamkumbatia. Mama Mita akamshika kwa nguvu zote.

"We, taratibu!" alisema fundi bomba. "Leo umenifunga kama mzigo wa kuni. Zamani vidole vyako vilikuwa vinaishia mbavuni, vinanitekenya. Siku hizi vinakutana nyuma vinasalimiana."

Mama Mita akamwachia. "Umesemaje?"

"Nimesema vinasalimiana."

"Hebu rudi hapa." Akamkumbatia tena, taratibu, akisikiliza mikono. Kweli. Tumbo lililokuwa likikaa katikati kama mgeni asiyeaga lilikuwa limeondoka, na mikono ilienda mbali kuliko ilivyozoea. Nafasi ya vidole ilikuwa imepungua kwa kila mtu, mnene kwa mwembamba, mzima kwa mgonjwa wa malaria. "Kumbe!" Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Kumbe hawakunenepa! Ni mimi! Baba watoto, watu wangu hawakunenepa!"

Fundi bomba alirudi nyuma hatua moja. "Yaani wewe umepungua, ukawaambia wao wameongezeka?"

"Miezi mitano!"

"Mimi bomba likivuja," alisema mzee, akiokota sanduku lake, "siwaambii wenye nyumba kwamba maji yao yamenenepa."

Saa saba mchana Mama Mita alikuwa mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu mpya. Gauni la bluu lilikuwa mkononi, na begani ana mfuko mkubwa uliotuna. Alibisha, akaingia kabla hajajibiwa. Wifi alikuwa peke yake nyuma ya meza iliyojaa daftari, na mbele yake sahani ya wali na maharage. Alipoona ni nani, alichukua rejista ya mahudhurio akaifunika sahani.

Hilo ndilo lililomchoma Mama Mita kuliko maneno yote ya jana. Miaka ishirini na miwili wamekula sahani moja, leo anafichwa chakula kama askari aliyevamia.

"Mbona unafunika?"

"Nimeshiba."

"Wifi, hujaanza."

Wifi alitazama dirishani. "Sawa. Naona haya kula mbele yako, haya, nimesema. Wewe ukimaliza vijiko vitano unainuka, unarudi kwenye cherehani, mimi nabaki na sahani kama mfiwa. Kila tonge naona kama unalihesabu."

"Nilihesabu ya kwako?" Mama Mita alikaa bila kukaribishwa. "Mimi nahesabu yangu tu, wifi, nisije nikalala tena chini ya meza. Nilikuwa nainuka kwa sababu nakuonea wivu! Wewe unakula mpaka unashiba na huku unacheka. Mimi nashiba kabla sijafurahi. Nikibaki pale machozi yananitoka, na wewe ungeniuliza nalia nini, ningesema nini? Nalilia maharage?"

Wifi alitaka kubaki amekasirika, lakini mdomo wake ulianza kucheza. "Maharage, kweli?"

"Na wali wa chini ya sufuria."

Kisha Mama Mita alimsimulia habari ya mikono, kuanzia mwenye duka la vyombo hadi vidole vilivyosalimiana mgongoni kwa mzee. Alisema yote, hakujitetea popote. "Nimewatukana watu wangu miezi mitano kwa upole kabisa. Na wewe nimekuvunjia heshima. Nisamehe. Kitambaa cha akiba nimekiacha ndani ya mshono, cha kutosha. Nimekuja kukupima upya."

Akafungua ule mfuko, akatoa mto wa kitandani, akaufunga tumboni kwa shuka, akafunga na wa pili juu yake. Akasimama katikati ya ofisi, mikono ameifungua, Mama Mita wa zamani kamili, isipokuwa shingo nyembamba iliyochomoza juu.

Wifi alimtazama. Mara kiti kikaanza kutikisika, akacheka mpaka akalaza kichwa juu ya rejista. Walimu wawili walichungulia mlangoni wakadhani mkuu wao amepatwa na jambo.

"Toa hiyo mito, wewe mwanamke!"

"Nikiitoa sijui kupima."

"Basi ujifunze." Wifi alijifuta macho, na sasa ilikuwa sauti ya darasani. "Hili nililovaa ulilishona mwaka juzi, na linanitosha, sivyo? Jibu unalijua tayari, ni viganja ulivyonipima siku ile. Nikumbatie hivyo ulivyo, vidole vikariri vinapoishia leo, halafu ukienda nyumbani linganisha, utajua umekosea kwa kiasi gani. Ni hesabu ya darasa la nne, wifi."

Mama Mita akaifungua mito. Wakasimama, wakakumbatiana. Mikono ikazunguka, vidole vikatafuta mahali pake, kiganja kimoja na nusu, akakariri. Kazi ilikuwa imekwisha, na angeweza kuachia. Hakuachia. Zamani kati yao palikuwa na matumbo mawili, na vichwa vilikaa mbali kama majirani wanaosalimiana juu ya ukuta. Sasa sikio lake lilifika kifuani kwa wifi, na ndani humo kulikuwa na kishindo.

"Moyo wako unaenda mbio," alisema.

"Unaenda mbio tangu siku ile walipokuingiza kwenye chumba cha upasuaji," wifi akajibu juu ya kichwa chake. "Nilikuwa naogopa. Si kwamba utakufa. Naogopa atatoka mtu mwingine, mwembamba, asiyenijua."

Mama Mita alimkaza zaidi, mpaka yule mwalimu mkuu akaguna.

"Nilitoka mimi, wifi. Nilichelewa tu kukwambia."